Makosa ya Kuingiza Lahajedwali katika Programu za Takwimu: Namna ya Kuyatambua na Kuyarekebisha katika Data za Kaya zinazotoka Dzaleka kwenda Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza makosa yanayotokea faili ya lahajedwali inapoingizwa katika programu za takwimu, hususani R, Stata na SPSS, na yanapendekeza utaratibu wa kuyatafuta na kuyarekebisha. Mfano unaotumiwa ni data za kaya zinazokusanywa katika Kambi ya Wakimbizi ya Dzaleka, Wilaya ya Dowa, na kuchanganuliwa Lilongwe. Hoja kuu ni kwamba kosa linalosimamisha kazi si la kuogopwa sana, kwa kuwa hujitangaza lenyewe. La hatari ni lile linalopita kimya, likabadilisha au kufuta taarifa za watu bila mchanganuzi kujua. Makala yanahitimisha kwamba kinga yake ni hati fupi ya makabidhiano inayosafiri pamoja na kila faili.

Maneno muhimu: lahajedwali, uingizaji wa data, ubora wa data, Dzaleka, wakimbizi

1.0 Utangulizi

Dzaleka iko takribani kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa kuhifadhi watu 10,000 hadi 12,000. Katika miaka ya 2020 wakazi wake walizidi 50,000. Wengi wao wanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengine wanatoka Burundi, Rwanda, Ethiopia na Somalia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha kuu zinazowaunganisha wakazi hao, na mahojiano mengi ya kaya hufanyika kwa lugha hiyo.

Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaagiza waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee Dzaleka. Katika mazingira ya namna hiyo orodha ya kaya hubadilika mara kwa mara: kaya huongezeka, hugawanyika, huhama eneo na hubadilisha namba za simu. Maamuzi kuhusu chakula, lishe ya watoto, maji na madarasa hutegemea orodha hizo. Mtu aliyepotea katika jedwali hawezi kuonekana katika wastani wala asilimia, na mshauri wa sera anayesoma ripoti hana njia ya kumwona.

Data hizo mara nyingi hupita mikono mingi. Mdadisi huandika majibu katika simu au tableti. Msimamizi hupakua faili na kuifungua katika Excel ili kuisafisha. Afisa mwingine huituma kwa baruapepe. Mchanganuzi wa Lilongwe huiingiza katika programu ya takwimu. Makala haya yanaichunguza hatua hiyo ya mwisho, ambayo vitabu vingi vya mbinu za utafiti huipita kwa sentensi moja. Misimbo na viwango vya fedha vinavyotajwa humu ni vya kuonyesha tu. Havikutolewa katika rekodi za mtu yeyote.

2.0 Chanzo cha tatizo: seli dhidi ya safu

Makosa mengi ya kuingiza faili yana mzizi mmoja. Katika lahajedwali, kila seli inaweza kubeba aina yake ya taarifa. Katika safu wima moja, seli ya kwanza inaweza kuwa namba, ya pili maandishi, ya tatu tarehe, na ya nne ikawa na fomula. Programu ya takwimu haikubali uhuru huo. Kwake, safu wima nzima ni kigeu kimoja, na kigeu kina aina moja tu. Kwa hiyo, wakati wa kuingiza faili, ni lazima mtu au programu iamue kila safu ni ya aina gani. Mtumiaji asipoamua, programu hukisia.

Programu hazikisii kwa namna moja. Kifurushi cha readxl cha R, kisipopewa maelekezo, huchunguza safu mlalo 1,000 za mwanzo. Stata huigeuza safu yote kuwa ya maandishi ikikuta japo seli moja yenye maandishi. Matoleo ya karibuni ya SPSS hutazama asilimia ya thamani zinazofanana, na kiwango cha kawaida ni 95. Thamani zisizolingana na aina iliyochaguliwa huwa thamani zinazokosekana. Hivyo, faili moja ikiingizwa katika programu tatu inaweza kutoa seti tatu tofauti za data. Wachanganuzi wanaopishana kuhusu matokeo huenda hawapishani katika nadharia wala mbinu; huenda walipoteza watu tofauti mlangoni.

3.0 Makosa yanayosimamisha kazi

Kundi la kwanza ni la makosa ambayo programu hukataa kuendelea. Ujumbe wake wa Kiingereza humtisha mtumiaji, lakini sababu zake ni chache na huthibitishwa haraka.

Sababu ya kwanza ni njia ya faili. Katika R, mtumiaji wa Windows akinakili njia yenye mikwaju ya kurudi nyuma, programu huisoma mikwaju hiyo kuwa alama maalumu na kukataa amri. Dawa ni kutumia mikwaju ya kwenda mbele au kurudufu ile ya kurudi nyuma.

Sababu ya pili ni faili isiyo ya aina inayodaiwa na jina lake. Faili ya xlsx kwa hakika ni furushi lililobanwa lenye nyaraka kadhaa ndani. Mtu akibadilisha jina la faili ya csv na kuandika xlsx mwishoni, furushi hilo halipo, na programu haiwezi kulifungua. Baadhi ya mifumo hutoa ukurasa wa wavuti uliopewa jina la xls. Excel huufungua baada ya kutoa onyo, ilhali programu ya takwimu huukataa. Faili iliyofungwa kwa nywila nayo hukataliwa vivyo hivyo. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kuifungua faili katika Excel, kuihifadhi upya katika umbo sahihi kwa jina jipya, kisha kujaribu tena bila kuigusa faili asilia.

Sababu ya tatu ni faili iliyo wazi katika Excel wakati huohuo, au iliyopakuliwa nusu kwa sababu ya mtandao dhaifu. Kulinganisha ukubwa wa faili iliyotumwa na ule wa iliyopokelewa hutosha kuligundua tatizo la upakuaji.

Makosa haya yanachelewesha kazi, lakini hayadanganyi. Hakuna ripoti inayoweza kuandikwa kutokana na faili iliyokataa kufunguka.

4.0 Makosa yanayopita kimya

4.1 Misimbo na namba za simu

Namba za simu za mkononi nchini Malawi huanza na sifuri zinapopigwa ndani ya nchi. Excel inapofungua faili ya csv huiona namba hiyo kuwa kiasi, na kiasi hakihitaji sifuri ya mbele. 0888 inakuwa 888. Faili ikihifadhiwa hivyo, sifuri imekwenda. Vilevile, Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Msimbo wa tarakimu 16 au zaidi hubadilishiwa tarakimu zake za mwisho kuwa sifuri, na kaya mbili tofauti zinaweza kupata msimbo mmoja. Msimbo wenye tarakimu zinazotenganishwa na herufi E, kama 12E05, husomwa kuwa 12 ikifuatwa na sifuri tano, yaani 1,200,000.

Athari yake huonekana baadaye, wakati wa kuunganisha orodha mbili. Kaya ambazo misimbo yake imeharibika hazipati mwenzi katika orodha ya pili na huachwa nje. Programu haitoi kosa, kwa kuwa kutopata mwenzi ni jibu halali. Kanuni ni rahisi: kitambulisho chochote ambacho hakuna mtu atakayekijumlisha au kukitafutia wastani kiingizwe kama maandishi, hata kama kina tarakimu tupu.

4.2 Tarehe

Excel huhifadhi tarehe kama idadi ya siku, na namba 1 ni tarehe 1 Januari 1900. Stata huhesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1960, R kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na SPSS huhesabu sekunde kuanzia tarehe 14 Oktoba 1582. Namba 45000 katika Excel ni tarehe 15 Machi 2023. Ikiingia kama namba tupu, kisha mchanganuzi akaitangaza kuwa tarehe bila kutaja mwanzo wa hesabu, Stata itaisoma kuwa Machi 2083 na R itaisoma kuwa Machi 2093. Kosa hilo hugunduliwa upesi, kwa kuwa hakuna mtoto aliyezaliwa mwaka 2093.

Lililo gumu zaidi ni kosa dogo. Excel ina mfumo wa pili wa tarehe unaoanza mwaka 1904, uliotumiwa kwa muda mrefu katika kompyuta za Macintosh. Tofauti ya mifumo hiyo ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Seli zikinakiliwa kutoka kitabu cha mfumo mmoja kwenda cha mfumo mwingine, tarehe zote husogea kwa kiasi hicho. Mtoto wa miezi 20 anaweza kuonekana ana miaka mitano na miezi minane. Umri huo unaaminika kabisa, wala hakuna atakayeushuku. Lakini mtoto huyo ametoka katika kundi la walio chini ya miezi 60, ambalo ndilo hupimwa katika tathmini za lishe.

Kuna pia mpangilio wa siku na mwezi. Tarehe 03/04/2023 ni ya Aprili katika kompyuta yenye mpangilio wa Uingereza au Ufaransa, na ni ya Machi katika kompyuta yenye mpangilio wa Marekani. Dalili yake ni safu ambayo tarehe zenye siku isiyozidi 12 zimekubaliwa, na nyingine zimebaki maandishi. Andiko la mwaka-mwezi-siku, kama 2023-04-03, linaondoa utata huo.

4.3 Mkato, nukta na herufi

Dzaleka ni mahali ambapo desturi mbili za kuandika namba hukutana. Watu waliosoma kwa Kifaransa wamezoea kuandika 3,5 kwa maana ya tatu na nusu, na kompyuta zilizowekwa katika Kifaransa huhifadhi faili za csv kwa kutenganisha safu kwa nukta-mkato. Ofisi za Malawi hufuata desturi ya Kiingereza: 3.5 ni tatu na nusu, na mkato hutenganisha maelfu, kama katika kwacha 25,000. Faili ya desturi ya kwanza ikisomwa kwa kanuni za desturi ya pili, mambo mawili hutokea: ama safu zote hubanana katika safu moja, jambo linaloonekana mara moja, ama 3,5 husomwa kuwa 35, jambo lisiloonekana. Uzito wa mtoto au ujazo wa maji unaweza kuongezeka mara kumi kwa njia hiyo.

Majina nayo yana hatari yake. Jina André, likihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8 na kusomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, huwa André. Mtu mmoja huyo anaweza kuhesabiwa mara mbili, au kukosa kuonekana katika orodha ya pili. Wakati wa kuingiza faili ya csv, usimbaji utajwe waziwazi.

4.4 Safu zilizokisiwa na namba zilizogeuzwa

Chukulia safu ya maelezo ya ulemavu iliyo tupu katika safu mlalo 1,000 za kwanza kwa kuwa hakuna aliyetaja jambo hilo. Readxl huikisia kuwa ya ndiyo na siyo; maandishi yanayokuja baadaye hugeuzwa kuwa thamani zinazokosekana, na maonyo hutolewa. Mchanganuzi aliyezoea kuyapuuza maonyo atapata jedwali linalosema kwamba hakuna mtu mwenye ulemavu. Dawa ni kuitangaza aina ya kila safu, au kuiongeza idadi ya safu mlalo zinazochunguzwa.

Katika Stata tatizo huja kinyume chake. Safu ya mapato ina viwango 5000, 12000 na 85000, na kaya moja imeandikiwa “hajui”. Safu yote huwa maandishi. Mtumiaji anayetaka namba akitumia amri ya encode, programu huyapanga maandishi kialfabeti na kuyapa namba za mfuatano: 12000 inapewa 1, 5000 inapewa 2, 85000 inapewa 3, na “hajui” inapewa 4. Kaya maskini kuliko zote imepanda juu ya kaya ya kati, na isiyojua imekuwa tajiri kuliko wote. Amri inayofaa ni destring, baada ya “hajui” kupewa msimbo wa thamani inayokosekana. Kosa la aina hiyo lilikuwa rahisi kutokea katika R kabla ya toleo 4.0.0 la mwaka 2020, ambapo maandishi ya faili za csv yaligeuzwa kuwa makundi bila mtumiaji kuomba.

Misimbo ya kukosekana, kama 99 au -99, nayo isipotangazwa huingia katika hesabu. Mkuu wa kaya asiyejulikana umri anakuwa na miaka 99, na wastani wa umri hupanda.

4.5 Laha, safu mlalo na rangi zilizoachwa

KoboToolbox, inayotumiwa sana katika kazi za kibinadamu, huziweka taarifa zinazojirudia, kama orodha ya wanakaya, katika laha ya pili ya faili ya Excel, zikiunganishwa na kaya kwa namba maalumu. Programu za takwimu, zisipoelekezwa, husoma laha ya kwanza tu. Mchanganuzi hupata kaya zote na hapati wanakaya wao.

Ukomo wa safu mlalo ni hatari nyingine. Umbo la zamani la xls hubeba safu mlalo 65,536. Xlsx hubeba 1,048,576. Orodha yenye safu mlalo moja kwa kila mkazi wa Dzaleka inaweza kutoshea katika xls, lakini orodha ya mgao wa miezi miwili ya watu 50,000 inafikia 100,000. Uingereza ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yaliingizwa katika faili za xls zilizojaa. Kazi ya kuwatafuta watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao ilichelewa.

Mwisho, rangi hazisafiri, na vichujio havitegemeki. Msimamizi akizipaka nyekundu kaya zilizohama, programu ya takwimu huisoma seli na kuiacha rangi. Akizificha kaya zilizorudiwa kwa kichujio, R na Stata huzisoma zote. Kila uamuzi uwe na safu yake yenye msimbo.

5.0 Utaratibu wa uchunguzi

Mchanganuzi anayekutana na tatizo, au anayetaka kuhakikisha kwamba halipo, anashauriwa kufuata mpangilio ufuatao.

Kwanza, aitunze faili asilia bila kuifungua kwa ajili ya kuihariri, na kazi zote afanye katika nakala. Pili, ahesabu: safu mlalo, safu wima, laha na vitambulisho visivyojirudia, kisha alinganishe hesabu hiyo na iliyofanywa Dzaleka. Tatu, aorodheshe aina ya kila safu kama programu ilivyoisoma, na kuilinganisha na dodoso. Umri uliosomwa kuwa maandishi, au simu iliyosomwa kuwa namba, ni dalili. Nne, atazame kiwango cha chini na cha juu cha kila namba na kila tarehe, pamoja na idadi ya thamani zinazokosekana. Tano, asome maonyo yote na kuyahifadhi. Sita, arekebishe kwa amri zilizoandikwa katika faili ya amri, si kwa mkono ndani ya Excel, ili mtu mwingine aweze kuifuata njia yake.

Akihitaji msaada wa mtaalamu wa nje, asitume faili halisi. Atengeneze faili ndogo ya safu mlalo tano au kumi yenye majina na misimbo ya kubuni, inayolizalisha kosa lilelile. Mara nyingi kazi ya kuitengeneza faili hiyo hufichua chanzo chenyewe. Malawi imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2024, na hata kama sheria isingekuwapo, orodha ya majina ya watu waliokimbia vita si kitu cha kutumwa ovyo.

6.0 Hati ya makabidhiano

Utaratibu huo una sharti moja: mchanganuzi awe na kitu cha kulinganishia. Hapa ndipo sera inapohitajika. Anayejua kwamba kaya fulani ina watoto wanne yuko Dzaleka. Anayeweza kuibadilisha kaya hiyo kuwa na watoto sifuri kwa amri moja yuko Lilongwe. Baina yao hupita faili isiyo na maelezo.

Inapendekezwa kwamba kila faili isindikizwe na hati ya ukurasa mmoja yenye mambo saba: jina la faili na tarehe ya kupakuliwa; idadi ya laha, pamoja na safu mlalo na safu wima za kila laha; idadi ya vitambulisho visivyojirudia; jumla ya safu moja ya namba, kwa mfano idadi ya wanakaya; tarehe ya mapema na ya mwisho kabisa; misimbo ya thamani zinazokosekana; na alama ya desimali pamoja na usimbaji wa herufi. Namba hizo zichukuliwe katika mfumo wa ukusanyaji kabla faili haijafunguliwa katika Excel. Mpokeaji azihesabu upya baada ya kuingiza faili, aweke saini, na arudishe hati. Namba zikitofautiana, uchanganuzi usianze.

Hati hiyo iandikwe pia kwa Kiswahili. Wadadisi wanaoishi kambini ndio wa kwanza kuweza kusema kwamba jumla fulani haiwezekani, lakini wataweza kusema hivyo iwapo tu wanaulizwa kwa lugha waliyotumia kuuliza maswali. Istilahi kama lahajedwali, safu wima, laha na seli zipo tayari. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia kazini.

Gharama ya utaratibu huu ni ndogo. Hauhitaji programu mpya wala mtandao wa kasi, na unaweza kuwekwa katika mikataba ya utafiti kama sharti la kupokea ripoti.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba makosa ya kuingiza lahajedwali yanatokana na tofauti kati ya jedwali linaloruhusu kila seli kuwa na aina yake na programu inayodai aina moja kwa kila safu. Makosa yanayosimamisha kazi hutibiwa kwa kuhakiki njia, umbo na ukamilifu wa faili. Yanayopita kimya hutibiwa kwa kutangaza aina ya kila safu, kusoma maonyo na kulinganisha hesabu za pande mbili. Kwa watafiti, uingizaji wa data uelezwe katika sehemu ya mbinu kama unavyoelezwa usampulishaji. Kwa washauri wa sera, swali la kuuliza kabla ya kusoma asilimia yoyote ni hili: kaya ngapi ziliondoka Dzaleka, na ngapi zilifika Lilongwe?